Maswali ya Wasomaji: Kompositi ya Meno Maabarani

Natengeneza vijiti vya kompositi (nyenzo ya kuzibia meno inayogandishwa kwa taa) vya kupimia nguvu ya kustahimili kupindwa, kwa mradi wa mwaka wa mwisho. Bomba la nyenzo ni lile lile, taa ni ile ile, lakini kijiti kimoja huvunjika kwa megapaskali 62 na kingine 118. Msimamizi anadhani nyenzo ni mbovu. Ni kweli?
*Mwanafunzi wa uganga wa meno, Ngara*

Usiilaumu nyenzo kwanza. Tofauti kubwa namna hiyo ndani ya bomba moja karibu kila mara hutokana na jinsi vijiti vilivyotengenezwa, na mahali pa kuanza kutafuta ni kwenye taa.

Kiwango cha kimataifa cha nyenzo za kuzibia meno, ISO 4049, kinataka kijiti cha milimita 25 kwa 2 kwa 2. Ncha ya taa nyingi za kugandishia ina kipenyo cha milimita 8 hadi 10, hivyo haiwezi kufunika kijiti kizima kwa mara moja. Anza katikati, kisha sogeza ncha kuelekea upande mmoja ukirudia nusu ya eneo lililokwisha kumulikwa, hadi mwisho. Rudi katikati uende upande wa pili. Ukimaliza, geuza kalibu (umbo linalojazwa nyenzo ili kupata kijiti) na umulike upande wa chini kwa utaratibu ule ule. Anayeruka hatua ya kurudia nusu huacha vipande vilivyoganda nusunusu, na kijiti huvunjikia hapo.

Cha pili ni viputo. Kompositi iliyotoka kwenye friji ni ngumu na haijazi pembe za kalibu, hasa asubuhi za Julai hapa Nairobi maabara inapokuwa baridi. Iache nje kama saa moja. Ijaze kwa wingi kidogo kupita kiasi na kwa mkupuo mmoja, bila kuongeza vidonge vidogo vidogo, kisha funika juu na chini kwa utepe wa plastiki angavu na ubane kwa vioo viwili. Utepe huo pia huzuia hewa: oksijeni hukatiza mnyororo wa kuganda na kuacha utando unaonata juu. Fanya kazi hiyo mbali na taa kali ya kitini, maana nayo ina mwanga wa bluu unaoanza kugandisha nyenzo kabla hujaibana.

Baada ya hapo ondoa kingo zilizomwagika kwa msasa wa namba 320, polepole na kwa kufuata urefu wa kijiti, si kukikata kwa upana. Mikwaruzo ya kukata upana huwa mianzo ya nyufa. Hifadhi vijiti kwenye maji yaliyokenekwa, nyuzi 37, kwa saa 24. Umeme ukikatika usiku na inkubeta (kabati la joto) ikapoa, andika jambo hilo kwenye daftari. Kundi hilo halilingani tena na lile lililokaa kwenye joto muda wote.

Sasa hesabu. Kimo cha kijiti huingia kwenye kanuni ya kukokotoa nguvu kikiwa kimezidishwa chenyewe kwa chenyewe, kwa hiyo kosa dogo hapo huwa kubwa kwenye jibu. Nguzo mbili zinazobeba kijiti kwenye mashine ya kukivunja zikiwa milimita 20 kutoka moja hadi nyingine, kijiti cha 2 kwa 2 kilichovunjika kwa nyutoni 24 kinatoa megapaskali 90. Lakini ikiwa kimo halisi kilikuwa milimita 2.1, jibu sahihi ni 81.6. Kikomo cha chini kwa kompositi ya kugandishwa kwa taa inayojazwa kwenye sehemu ya kutafunia ni 80, kwa hiyo unaona jinsi sehemu moja ya kumi ya milimita inavyoweza kubadilisha hukumu. Pima kila kijiti kwa mikrometa. Usiandike vipimo vya kalibu. Mashine iteremke kwa milimita 0.75 hivi kwa dakika.

Kisha tazama vipande vilivyovunjika kwa hadubini ya ukuzaji mdogo. Ukiona tundu la duara mahali ufa ulipoanzia, umepata sababu. Ila usitupe kijiti kwa kuwa tu namba yake ni ndogo! Kanuni ya kukataa sampuli huwekwa kabla ya kupima. Nyenzo inayovunjika bila kupinda hutawaliwa na dosari yake kubwa zaidi, na mtawanyiko huo ni sehemu ya matokeo. Ukitaka kuuchambua kwa njia ya Weibull (takwimu za mtawanyiko wa nguvu), andaa vijiti 30 kwa kila kundi. Vile 5 vinavyotakiwa na ISO 4049 havitoshi.

Kipimo cha mwanga wa taa yetu kinasoma 1,100 (miliwati kwa sentimita mraba), lakini tunahisi kompositi haigandi vizuri chini. Tunaweza kupima bila mashine?
*Msaidizi wa kliniki, Githurai*

Mnaweza. Tafuteni kalibu ya chuma yenye tundu la kipenyo cha milimita 4 na kina cha milimita 6. Jazeni, funikeni kwa utepe, mulikeni juu tu kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji. Toeni mara moja, mkwangue sehemu laini ya chini kwa kijiko cha plastiki, mpime kilichobaki na kugawanya kwa 2. Kikibaki milimita 4.4, kina cha kuganda ni 2.2. Hugawanywa kwa sababu sehemu ya chini ya kilichobaki, ingawa imestahimili kukwanguliwa, haijaganda vya kutosha.

Rudieni ncha ikiwa milimita 8 juu ya kalibu, kama inavyokuwa kwenye gego lenye shimo refu. Hapo ndipo taa nyingi hushindwa. Kagueni pia ncha: rezini iliyokauka juu yake huzuia mwanga. Vipimo vidogo vya mkononi vinafaa kulinganisha taa na yenyewe wiki hadi wiki, si kuthibitisha namba.

Meno ninayopata kutoka Nakuru na Naivasha yana madoa ya floraidi. Naweza kuyatumia kupima mshikamano wa kompositi na jino?
*Mtafiti, Kikuu*

Ndiyo, lakini yasichanganywe na meno yasiyo na madoa. Enameli yenye floraidi nyingi hustahimili asidi ya fosforiki ya asilimia 37, inayopakwa kukwaruza uso wa jino ili kompositi ishike, hivyo mshikamano hubadilika kulingana na ukali wa madoa. Yapange kwa kipimo cha ukali wa madoa cha Thylstrup na Fejerskov, 0 hadi 9, kabla ya kuyagawa kwenye makundi. Yahifadhi kwenye kloramini-T (dawa ya kuzuia vijidudu) ya asilimia 0.5 kwa muda usiozidi wiki moja, kisha kwenye maji yaliyokenekwa ndani ya friji, ukiyabadilisha mara kwa mara. Yatumie ndani ya miezi 6 tangu kung'olewa, na uwe na kibali cha kamati ya maadili kabla ya kukusanya hata jino la kwanza.