Mzazi Auliza: Miezi 22, maneno hayafiki kumi

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miezi 22 na maneno yake hayafiki kumi. Bibi yake humsemesha Kidigo, mimi na baba yake Kiswahili. Jirani asema tumemchanganya. Shangazi yake ashikilia kuwa ana udata, yaani ulimi umeshikwa chini, akatwe. Nimsikilize nani?
Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Hao wote wawili waache, mama. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema, kwa hiyo bibi aendelee na Kidigo chake. Ila hesabu upya. Kwa siku tatu andika kila neno analolitoa mwenyewe bila kuambiwa "sema". Akisema "maji" kwako na "madzi" kwa bibi, andika mawili. "Muu" ya ng'ombe nayo imo, mradi kila amwonapo ng'ombe aseme hivyohivyo. Watoto wengi wakifika miaka 2 huwa na maneno kama 50 na wameanza kuunganisha mawili: "baba njoo", "nipe maji". Ni kweli wavulana huchelewa, lakini ni kidogo tu. Hilo lisiwe sababu ya kukaa kungoja.

Kisha masikio. Zima redio, simama hatua tatu nyuma yake akiwa anacheza, mwite kwa sauti ya kawaida, halafu kwa kunong'ona. Usipige makofi wala kugonga sufuria: mshindo mkubwa hata mtoto asiyesikia vizuri huugeukia, na kishindo cha sakafuni hukihisi mwilini. Hata akigeuka, bado apimwe hospitali, maana jaribio la nyumbani halionyeshi upungufu mdogo. Kama sikio liliwahi kutoa usaha, mwambie mhudumu, hata kama lilikauka lenyewe.

Udata usiguswe kwa wembe. Ulimi ulioshikwa chini unaweza kuharibu matamshi ya baadhi ya sauti, haumnyimi mtoto maneno. Wembe utamletea damu na maambukizi.

Nyumbani, anza na simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa mwaka mmoja asiketishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Katuni haimngoji mtoto ajibu, wewe unaweza. Akinyooshea kidole ndizi, usimpe papo hapo. Inama uso kwa uso, sema "ndizi", nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Hapa ndipo wazazi wengi hushindwa: wakifika tatu wameshasema tena. Akitoa sauti yoyote, mpe. Akisema "ndizi", ongeza neno moja tu: "ndizi tamu". Na msimshikie "sema ndizi, sema ndizi" mbele ya wageni. Wengi hufunga mdomo kabisa.

Wakati huohuo, chukua kadi ya kliniki ukaombe rufaa ya kupimwa usikivu. Usingoje atimize miaka 3. Kama haitiki jina lake, hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, haelewi "kalete kandambili" bila kuonyeshwa kwa mkono, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, nendeni wiki hiihii.

SWALI: Binti yetu ana miezi 13, hajatembea. Tumnunulie kile kigari cha magurudumu cha kujifunzia?
Baba wa Pangani

JIBU: Hapana, fedha hiyo mnunulie samaki. Kigari hakiharakishi kutembea, na humfikisha kwenye ngazi au jiko la mkaa kabla hujanyanyuka. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Mtoto mzima wa afya hutembea popote kati ya miezi 8 na 18. Mwache peku sakafuni, mpangie viti au ndoo zilizojaa mchanga ashikilie akizunguka. Ndoo tupu itapinduka naye. Mpelekeni kliniki mapema kama anatumia mkono au mguu wa upande mmoja tu, au kama bado hawezi kuketi bila kushikwa.