Kosa lako halifuti fidia
Pole sana kwa mkono, ndugu yangu. Umeuliza kama fidia ya kuumia kazini ipo wakati bosi anasema ulizembea mwenyewe. Usikubali kunyamazishwa. Tangu sheria ya Ujerumani ya bima ya ajali kazini ya mwaka 1884, msingi wa fidia hii si kumtafuta mwenye kosa, bali kama umeumia kwa sababu ya kazi. Kujiumiza makusudi au ulevi ndivyo huweza kukuangusha, siyo kuteleza.

Nakusihi, toa taarifa kwa maandishi leo hii na ubaki na nakala, maana muda wa kudai una ukomo. Daktari naye mwambie wazi kwamba uliumia kazini, aandike hivyo kwenye faili.

Kawaida hulipwa matibabu, sehemu ya mshahara ukiwa nyumbani, na ulemavu wa kudumu ukibaki nao. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaweka kiwango cha chini cha malipo hayo ya fedha kuwa asilimia 60 ya mapato ya awali kwa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili, katika nchi zilizouridhia.

Na kile kikohozi ulichokitaja mwishoni mwa swali lako usikipuuze! Magonjwa ya kazini nayo hulipwa, ila kuyathibitisha ni kazi. Anza kuandika: ulifanya kazi sehemu gani, miaka mingapi, vumbi la nini.