Kabla hujauza boti ya mita 7

Ndugu, nimekuelewa: familia imeongezeka, kulala wanne kwenye boti ya mita 7 ni kubanana, na sasa unaitamani ile ya mita 10. Mimi nilivuka hatua hiyo hiyo na siijutii, ila kuna mambo ningependa ningeambiwa mapema.

Kwanza pima mto wako, siyo boti. Daraja la chini kabisa lina urefu gani maji yakijaa? Kina kikoje wakati wa kiangazi? Boti isiyopita chini ya daraja itakufungia nusu ya mto, na hakuna kitanda kipana kitakachofidia hilo.

Pili, uzito. Mita 3 zinaonekana chache, lakini kwa umbo lile lile boti ya mita 10 hukaribia uzito mara tatu. Haisimami upesi, na upepo wa ubavuni huisukuma omo, yaani sehemu ya mbele, vibaya unapoingia gatini. Kama huwa unaendesha na mwenzako mmoja tu, tafuta yenye propela ndogo ya omo, ile inayoisukuma omo kushoto au kulia.

Maegesho mengi hutozwa kwa mita. Bima, mafuta na rangi ya chini navyo hupanda.

Ushauri wangu mkubwa: kodi ya ukubwa huo wiki nzima, na familia yote ndani, mvua ikiwezekana. Ukiridhika, usilipe kabla mkaguzi wa boti uliyemchagua mwenyewe hajaiona ikiwa nje ya maji. Mimi nilimwamini muuzaji, nikakuta mkuku, ule uti wa chini wa boti, umeoza.