Nywele Kubwa, Sprei na Upepo wa Bahari: Shangazi Anajibu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 24, ninaishi Tanga, na mwezi ujao nitamsindikiza dada yangu katika harusi yake. Dada anataka wasindikizaji wote tuwe na nywele kubwa za kuinuliwa juu, kama zile zinazoonekana sasa kwenye simu na kama zile za bibi yetu katika picha za miaka ya 1960. Nywele zangu nilizitia dawa miezi minne iliyopita. Nilipokwenda saluni kujaribu, msusi alizichana na kunipulizia sprei karibu nusu ya kopo, zikasimama vizuri sana, lakini nilipofika nyumbani kwa miguu zilikuwa zimelala kama mkeka. Usiku nilipozichana, zilikatika. Je, sprei ilikuwa mbaya, au nywele zangu ndizo hazifai?

Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nywele zako zinafaa, na huenda sprei nayo haikuwa na kasoro yoyote. Tatizo limeanzia katika kudhani kwamba sprei ndiyo inayoinua nywele, ilhali kinachoinua ni mkono wa msusi, na sprei hushika tu kile ambacho mkono umekwisha kukijenga.

Mtindo huu una asili yake Marekani. Mwaka 1960, msusi wa Chicago aitwaye Margaret Vinci Heldt alibuni, kwa ajili ya jarida la wasusi, mtindo uliokuja kujulikana kama mzinga wa nyuki. Katika miaka ya 1980 nywele kubwa zilirudi zikiwa pana na timutimu, na huko Texas wanawake walizipenda mno hata pakawa na msemo kwamba kadiri nywele zinavyopanda ndivyo mtu anavyomkaribia Mungu. Safari hii wengi waliziona upya Februari 2024, mwimbaji Miley Cyrus alipopanda jukwaani katika tuzo za Grammy. Katika vipindi vyote hivyo kazi ilianzia kwenye mashina ya nywele, na kopo likaja mwisho.

Sprei ni gundi nyepesi iliyoyeyushwa katika spiriti. Spiriti ikiruka, gundi hubaki kama utando mwembamba pale unywele mmoja unapokutana na mwingine, mfano wa mishono ya kushikiza ambayo fundi cherehani huipitisha kabla ya kushona nguo. Mishono hiyo ikiwa midogo na mingi, nywele husimama na bado huwa nyepesi. Ukipuliziwa nusu ya kopo, nywele hulowa, hugandamana kuwa bapa moja zito, na uzito huo huzivuta chini. Ongeza unyevu wa Tanga: umbo ambalo rola au drayer hulitia kwenye nywele linategemea viunganishi vidogo ndani ya unywele, ambavyo maji huvivunja, na upepo wa baharini una maji ya kutosha kufanya kazi hiyo kabla hujafika nyumbani.

Kuhusu kukatika, unywele umefunikwa na magamba yaliyolala kuelekea nchani, kama ya samaki. Kuchana kinyume, kutoka nchani kurudi shinani, huyainua magamba hayo, na nywele zilizotiwa dawa zimekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake, hasa pale zinapokutana na nywele mpya zinazoota. Kwa hiyo mwombe msusi wako afanye hivi. Azioshe siku moja kabla, azifunge kwa rola kubwa na kuzikausha kabisa. Kisha achukue fungu la upana wa vidole viwili utosini, alisimamishe wima, asukume chanuo kuelekea shinani mara mbili au tatu tu, apulize kidogo kwa umbali wa rula ya shule, na asubiri likauke kabla ya kugusa fungu linalofuata. Nywele za juu zisichanwe kinyume. Zilazwe taratibu kufunika kazi iliyo chini. Baada ya harusi usizichane zikiwa kavu: zioshe kwa maji ya uvuguvugu, zipake krimu, halafu uzichambue kuanzia nchani.

Binafsi ningependa zaidi msusi aweke kijimto cha nywele bandia utosini na kukifunika kwa nywele zako, kwa maana hapo hutahitaji kuchana kinyume karibu hata kidogo. Tena usishangae ikiwa nywele za bibi katika picha zile ni wigi. Wigi zilienea mijini kiasi kwamba Umoja wa Vijana wa TANU, ulipotangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, ulizipiga vita pamoja na sketi fupi na suruali za kubana. Na kama kati yenu yupo ambaye hajatia dawa kamwe, nakuombeni kwa moyo wote msimshawishi aitie sasa kwa ajili ya siku moja. Nywele za kipilipili zikichambuliwa kwa chanuo husimama zenyewe, na hakuna sprei inayoweza kuzipa kimo zaidi ya kile zilichopewa na maumbile.

SWALI: Shangazi, je, ni kweli kwamba sprei ya nywele hutoboa tabaka la ozoni?

Msomaji, Nakuru

JIBU: Ilikuwa kweli. Makopo ya zamani yalisukumwa kwa gesi za klorofluorokaboni, na mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza jinsi gesi hizo zinavyoharibu ozoni. Marekani ilizizuia katika makopo mengi ya kupuliza mwaka 1978, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa duniani. Makopo mengi ya leo husukumwa kwa butani na propani, gesi zilezile zilizomo katika mtungi wa jikoni, na spiriti nayo hushika moto. Hili namwambia pia binti wa Tanga: siku ya harusi mpuliziane madirisha yakiwa wazi, mkikinga macho kwa kiganja, na chetezo cha udi kisiingie chumbani hadi nywele zote zimekauka.