EBV chanya si Burkitt: kwa madaktari wapya wa wodi yetu

Wiki hii kwenye raundi nimekuta tena faili la mtoto mwenye uvimbe wa taya, limeandikwa kwa herufi kubwa: "EBV chanya, Burkitt." Yaani damu imeonyesha kirusi cha Epstein-Barr, basi ni saratani ya limfu ya Burkitt. Kinyama cha kupima patholojia hakijachukuliwa. Wadogo zangu, nawapenda na nimefurahi mmekuja wodi hii, lakini jambo hili linarudi kila kundi jipya likiingia, na subira imeniishia.

1. Kingamwili za EBV hazithibitishi Burkitt. Huku Kanda ya Ziwa karibu kila mtoto ameshakutana na kirusi hiki akiwa bado mdogo, na duniani kote watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 wanacho. Pima watoto walioko kwenye foleni ya wagonjwa wa nje (OPD) sasa hivi uone. EBV huzisaidia seli B, chembe nyeupe za kinga, zisife, malaria ya mara kwa mara inazichochea zigawanyike, kisha kipande cha kromosomu 8 kinahamia kwingine, mara nyingi kromosomu 14, na MYC, jeni inayochochea seli kugawanyika, haizimiki tena. Kirusi peke yake hakifiki huko.

Nawaeleza haya kwa sababu ya mtoto mmoja wa miaka sita, katika hospitali niliyofanyia kazi zamani. Aliletwa Ijumaa, magego yanacheza, shavu limejaa. Huko alikotoka walishamng'oa jino wakidhani ni jipu. Mtu wa patholojia alikuwepo, sindano ya kunyonya seli ilikuwepo. Sisi tukatuma damu ya EBV, tukasaini fomu, tukaenda zetu. Majibu yalirudi chanya tukaridhika kabisa. Jumatatu duka la dawa likakataa kutoa kemo (dawa za saratani) bila majibu ya patholojia, na walikuwa sahihi. Burkitt inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Sisi tuliipa wikiendi nzima. Mama yake akanishika mkono: "Daktari, jana jicho hili lilikuwa linafumbuka." Nilipoinua kope kwa kidole, mboni ilikuwa imesukumwa nje na haikufuata tochi. Kemo ilipoanza uvimbe ulinywea upesi, kama kawaida ya Burkitt. Mtoto akapona. Jicho lile halikuona tena.

Kwa hiyo taya linalovimba kwa wiki chache na meno yanayolegea: kinyama siku hiyohiyo, hata kama ni Ijumaa saa kumi.

2. Dripu na allopurinoli (dawa ya kupunguza asidi ya yuriki) vitangulie kemo, na potasiamu ipimwe, maana seli za saratani zikifa kwa pamoja figo zinazidiwa.

3. Msimwage sampuli kwa kuiangalia kwa macho tu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe huu mwaka 1958. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, mtafiti Anthony Epstein akamsikiliza, na vinyama vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester. Kichupa kilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu yeyote angesema ni bakteria. Epstein aliweka tone chini ya hadubini akakuta seli hai zinaelea. Seli za namna hiyo zikaoteshwa, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake, ndicho hiki EBV. Ni vinyama vya watoto wa huku kwetu hivyo, na nyie mnaviacha dirishani bila lebo!

4. Sasa virusi vingine vya saratani. Hepatitisi B inaweza kuleta saratani ya ini hata kama ini halijapata sirosisi (makovu), kwa hiyo msimfutie mgonjwa miadi ya ultrasaundi.

5. Mama mwenye HPV chanya, kirusi cha saratani ya shingo ya kizazi, msimwambie "una virusi vya saratani" halafu mkaita anayefuata. Wengi wataondoka na hawatarudi. Mwambieni ukweli wote: maambukizi mengi mwili huyaondoa yenyewe ndani ya miaka miwili, na yanayobaki kwa kawaida huchukua zaidi ya miaka kumi kufikia saratani, kwa hiyo mabadiliko yakionekana leo tunayatibu mapema. Mwenye VVU mfuatilieni kwa karibu zaidi, hatari yake ya saratani hiyo ni kama mara sita ya asiye na VVU. Tarehe ya kurudi apewe akiwa bado kwenye kiti, na namba ya simu iandikwe kwenye rejista, si kwenye karatasi ya pembeni.