Jibu: Jagi la kioo kwenye mchoro, mbona katikati ni karatasi tupu?

Habari ndugu wa Tabora. Umeuliza kama mchoro wako wa penseli wa jagi la kioo uliachwa nusu, maana katikati hapajapakwa kitu.

Kwanza tazama nyuma ya jagi kuna nini. Kioo safi hakina rangi yake, kinapitisha na kupinda vilivyo nyuma. Weusi mzito hukaa kwenye kingo na kitako, kioo kilipo kinene. Katikati hufanana na ukuta. Ukuta ukiwa mweupe, karatasi tupu ni sahihi kabisa. Nyuma kukiwa na kitambaa cheusi, hapo kweli pana kasoro. Anayepaka kijivu kimoja jagi zima hupata sufuria.

Mdomo na kitako ni duaradufu, yaani duara lililobanwa: jagi likitazamwa kutoka juu kidogo, ya kitako hukaribia zaidi duara. Zikichongoka pembeni kama jani la mwembe, mkono haukuwa makini.

Mng'ao uwe mdogo, wenye mipaka mikali. Ukifutwafutwa kwa kidole, kioo kinageuka plastiki.

Ila mimi humpima mchoraji kwenye kivuli. Kivuli cha kioo mezani hakiwi cheusi chote, ndani yake pana mwanga, kwa kuwa jagi huukusanya. Likiwa na maji ndiyo zaidi, na mistari ya nyuma hugeuka, ya kushoto ikaonekana kulia.

Chukua chupa tupu ya asali, iweke karibu na dirisha asubuhi, ulinganishe na mchoro sehemu kwa sehemu.