Kulala Peke Yako Katika Msitu wa Amani: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari, na nimeweka akiba ili likizo ya katikati ya mwaka niende peke yangu kupumzika katika loji ndogo ya msituni huko Amani, wilayani Muheza. Nimeelezwa kwamba vyumba ni vya mbao, umeme ni wa jua na unatosha taa na simu tu, choo ni kile cha kumwagia majivu, na mlinzi wa usiku ni mmoja. Mama yangu mzazi anasema mwanamke hawezi kulala msituni peke yake akarudi salama. Wenzangu kazini nao wanashangaa kwamba nitalipa fedha ili nikaishi maisha tuliyoyaacha kijijini. Je, kuna usalama? Nijiandae vipi? Na zile sauti za usiku ambazo kila aliyefika huko huzisimulia ni za nini? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Dada yetu, nenda. Ninaanza na neno hilo kwa sababu Amani ni mahali panapomfaa sana mtu anayetaka kuujua msitu akiwa peke yake kwa mara ya kwanza. Hakuna simba, tembo wala nyati wa kukulazimisha kukaa ndani ya gari kama ilivyo katika mbuga nyingi, na uzuri wenyewe wa mahali hapo ni wa kutembea kwa miguu, polepole, ukisimama mara kwa mara.

Msitu huo umo katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, na ndio wa kwanza nchini kutangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, mwaka 1997. Una hekta 8,380, lakini usiuwazie kuwa ni pori lisilokaliwa na mtu. Vijiji vimeuzunguka, mashamba ya chai yamepakana nao, na tangu mwaka 1902, Wajerumani walipofungua hapo kituo cha utafiti wa kilimo na bustani ya mimea, watu wamekuwa wakiishi na kufanya kazi katikati ya miti hiyo. Baadaye Amani ikawa pia mahali pa utafiti wa malaria. Kwa hiyo utakayekutana naye njiani asubuhi huenda akawa mama anayepeleka ndizi sokoni au mtoto anayewahi shule. Msalimie, mwamkie aliyekuzidi umri, na ueleze umefikia kwa nani. Katika vijiji vya namna hiyo habari za mgeni aliyesalimia vizuri hufika kila nyumba kabla ya jioni, na mgeni anayejulikana ana walinzi wengi kuliko yule mmoja wa usiku.

Hata hivyo, hofu ya mama yako si ya kupuuzwa, na njia ya kumjibu ni kuuliza maswali kabla ya kulipa. Mpigie simu mwenye loji, usitosheke na ujumbe wa maandishi, umuulize kama mlango una komeo la ndani, nani mwingine ana ufunguo, mlinzi hukaa wapi, kama kuna mfanyakazi mwanamke anayelala hapo hapo, na ni sehemu gani mtandao wa simu unashika. Omba chumba kilicho karibu na jiko au na nyumba ya wafanyakazi, hata kama kile cha pembeni kinasifiwa kwa mandhari yake. Mwenyeji mwema hujibu maswali hayo bila kukereka, maana amekwisha kuulizwa na wengine. Anayekereka amekwisha kukujibu. Kisha mpe mama namba ya mwenyeji huyo, mkubaliane saa ya kupigiana simu kila siku, na umwambie mapema kwamba ukiwa ndani ya msitu simu yako haitapatikana, ili ukimya wa saa tatu au nne usimtie presha.

Hatari zenyewe ni za kawaida sana, na kwa sababu hiyo watu huzisahau. Majani yaliyooza na mizizi yenye unyevu huteleza, njia hugawanyika bila alama, ukungu hushuka ghafla, na mtu aliyeteguka kifundo cha mguu akiwa peke yake hana wa kumsikia. Kwa hiyo usiingie katika njia za ndani bila mwongozaji aliyeidhinishwa na hifadhi. Gharama yake isikuonekee kama nyongeza ya kukatwa, kwa sababu bila yeye utapita mbele ya kinyonga mwenye pembe bila kumwona, na utawasikia mbega na kima juu ya miti bila kujua utazame wapi. Njia pana ya magari inayopita kati ya vijiji unaweza kuitembea peke yako mchana. Giza la msituni hutangulia la mahali penye uwazi, basi uwe umerudi lojini kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Sasa nizieleze sauti za usiku, kwa maana hizo ndizo zinazowafanya wageni wafungashe mizigo asubuhi ya kwanza. Sauti inayotisha kuliko zote ni ya perere, mnyama mwenye ukubwa wa sungura, asiye na mkia wa kuonekana, jamaa wa pimbi wa mawe, ambaye mchana hujificha katika mashimo ya miti mikubwa na usiku hupanda juu kutafuta majani. Huanza kwa mkwaruzo, kama mlango wenye bawaba kavu unaofunguliwa polepole. Mkwaruzo unarudiwa, kila mara kwa nguvu zaidi, hadi unageuka kuwa mayowe yanayosikika bonde zima, kisha kimya. Baada ya muda mwenziwe hujibu kutoka ng'ambo. Anayelala chumba cha mbao na hajaambiwa huamini kwamba kuna mtu anauawa. Ukweli ni kwamba perere hutegewa mitego na kuliwa katika misitu mingi, naye hawezi kuishi mahali ambapo miti mizee yenye mashimo imekwisha kukatwa, kwa hiyo usiku ukimsikia jua kwamba umelala katika msitu ambao bado una uhai wake. Zaidi yake utasikia vilio vya komba, vyura wengi mno kandokando ya vijito, na alfajiri hondohondo wakipita juu ya paa kwa mabawa yenye kishindo. Mwombe mwongozaji akae nawe barazani jioni ya kwanza, akutajie kila sauti na mwenyewe. Ukisha kulijua jina la anayelia, usingizi huja.

Siafu wanahitaji kutajwa peke yao. Wakati mwingine, hasa baada ya mvua, msafara wao hupita ndani ya nyumba. Wakija, usiwapulizie dawa wala usijaribu kuwafagia. Vaa viatu, chukua tochi, toka nje, umwamshe mlinzi. Watu wa huko watawaelekeza kwa majivu, au watawaacha wapite, na mara nyingi huondoka wakiwa wamekula mende na wadudu wote waliokuwamo. Kila usiku tochi iwe chini ya mto, viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na mkoba ufungwe zipu. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, kwa sababu mwinuko wa Amani hupunguza malaria lakini hauiondoi. Onana na daktari kabla ya safari kuhusu kinga, na ukipata homa wiki chache baada ya kurudi, mtajie kwamba ulikuwa Tanga.

Kuhusu choo cha majivu, ukisha kuelewa sababu yake hutakiona kuwa ni ufukara. Maji ya vijito vya Amani hushuka na kuingia mto Zigi, na mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani ambalo maji yake hunywewa na wakazi wa jiji la Tanga. Choo cha kuvuta kilichojengwa vibaya juu ya mlima ni tatizo la mtu aliyeko bondeni asiyekujua. Katika choo kikavu hakuna maji yanayomwagwa, kinyesi hufunikwa kwa majivu au maranda kila unapomaliza, hukaa kwa muda mrefu hadi kinakuwa udongo, na kikitunzwa sawasawa hakinuki. Fuata maelekezo uliyopewa, usitupe taulo za kike wala plastiki humo, na uende na mfuko wa kurudishia taka zako mjini. Maji ya kuoga huenda ukaletewa kwenye ndoo, yakiwa yamechemshwa. Yanatosha kabisa, na asubuhi za mwezi wa saba utayashukuru, maana Amani ni baridi. Beba sweta, suruali ndefu, soksi za kuchomekea suruali ili kupe wasipande, khanga mbili na betri ya akiba ya simu.

Waambie wenzako kwamba kuchota maji kwa sababu huna bomba ni jambo moja, na kukaa siku chache mahali ambapo mwenyeji amechagua kutokata msitu ili akuletee bomba ni jambo jingine. Mimi binafsi huumia ninapofika katika misitu yetu nikakuta kitabu cha wageni kimejaa majina ya watu wa mbali, ilhali sisi tulio jirani tunaifahamu kwa picha tu. Mwalimu akiliona ua la urujuani wa Usambara likiwa limeota lenyewe juu ya mwamba wenye kivuli, lile ambalo mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ujerumani na leo hupandwa katika vyungu madirishani duniani kote, atakuwa na la kuwafundisha wanafunzi wake ambalo halimo katika kitabu cha kiada.

SWALI: Loji nyingi siku hizi hujiita rafiki wa mazingira, hata zile zilizokata miti ili zijengwe. Mtu wa kawaida atatambuaje iliyo ya kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kibao cha getini hakisaidii. Anzia jikoni, uulize kuni zinatoka wapi. Loji inayopikia wageni kwa kuni za msitu wa asili inakula kile inachokuonyesha. Iliyo makini itakutajia shamba la miti, jiko banifu au gesi. Kisha uliza maji machafu ya jikoni na bafuni yanaishia wapi, na utazame mwenyewe kama yanatiririka kuelekea kijitoni. Tazama pia kama wanaokuhudumia ni watu wa vijiji vya jirani, na kama wamo katika kazi za kuongoza wageni na kutunza hesabu, wala si kufua na kufagia pekee.

Jambo hilo la vijiji lina uzito kuliko yote, kwa sababu msitu wa Amani utabaki au utakwisha kwa uamuzi wa watu wanaoishi kandokando yake. Chukua mfano wa iliki. Zao hilo hupenda kivuli, kwa hiyo wakulima walizoea kulipanda chini ya miti mikubwa ya msitu, wakafyeka miche yote ya chini. Kwa macho ya mgeni msitu ulionekana umesimama, kumbe haukuwa na watoto wa kuurithi. Baadhi ya wanakijiji wakapata njia nyingine, wakafuga vipepeo na kuuza pupa wake, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kugeuka kipepeo, kwa nyumba za maonyesho za nje ya nchi, kazi iliyowahitaji kuitunza miti ambayo viwavi wa vipepeo hao hula majani yake, hadi mwaka 2016 serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai na soko hilo likafungwa. Mapato ya familia nyingi yalikatika pasipo kosa lao. Ndiyo maana nasema fedha ya mgeni anayelala, anayekula kuku wa kijijini na kunywa chai yenye mdalasini wa bustani ya nyumbani si jambo dogo. Ukinunua viungo, uliza vimelimwa bustanini au msituni, na ununue vya bustanini.

SWALI: Niko Mombasa na ningependa kwenda peke yangu mwezi wa nne, kwa kuwa ndipo nina nafasi. Nipite njia gani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Vuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, ufike Tanga, kisha uende Muheza, ambako barabara ya Amani inaanzia. Beba hati ya kusafiria au kitambulisho kinachokubalika mpakani, na uwe nacho pia langoni mwa hifadhi, kwa kuwa viingilio hupangwa kwa kutegemea uraia. Malipo ya serikali huku hufanywa kwa namba maalumu ya malipo kupitia simu au benki, hivyo muombe mwenyeji akuelekeze kabla hujafika.

Mwezi wa nne, hata hivyo, sikushauri. Masika huanza mwezi wa tatu na kuendelea hadi wa tano, na barabara ya udongo inayopanda kutoka Muheza huwa matope, kiasi kwamba basi linaweza kukosekana na bodaboda ikakataa kupanda. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, au wa kwanza na wa pili, ndiyo miezi ya kutembea. Kama huna nafasi nyingine, basi fikia Sigi, langoni, mahali ambapo nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani imegeuzwa kuwa kituo cha taarifa. Kuna nyumba ya wageni ya hifadhi, mto uko karibu, na hutalazimika kuimaliza ile sehemu ya mlima iliyo mbaya zaidi. Magari ya abiria ni machache na kwa kawaida hupanda mara baada ya mchana, kwa hiyo lala Tanga au Muheza usiku mmoja, upige simu asubuhi kuulizia hali ya barabara, ndipo uondoke.